Mashine Ikiganda Mlangoni, Usibomoe Nyumba

Hotuba ya Mweka Hazina mbele ya mkutano wa mwaka wa chama chetu, katika bwalo la shule. Tunaichapa kwa ombi la wanachama waliotaka kuwa nayo nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wetu wa zamani mlioketi hapa mbele, wanafunzi wa leo mliosimama nyuma kwa kukosa viti, na ninyi wenzangu wa miaka ile: walio wakubwa, shikamooni, walio rika langu, hamjambo, na walio wadogo, marahaba, maana najua mmekwisha niamkia kimoyomoyo.

Nimepewa nusu saa. Katibu alitaka niitumie kusoma hesabu za Mfuko wa Elimu. Lakini hesabu mnazo mikononi, na wakaguzi wamekwisha zipitia. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nieleze jambo ambalo karatasi haikueleza: kwa nini hesabu za mwaka 2023 na 2024 zilichelewa kwa majuma matatu, na kwa nini juu yake pameandikwa kwamba zimeandikwa upya.

Najua yaliyosemwa mwezi Januari 2025, maana nami nina masikio. Ilisemwa kwamba kompyuta ya chama imekufa, na kwamba kompyuta za waweka hazina zina tabia ya kufa ukaguzi unapokaribia. Bwana mmoja wa bweni letu alisema mbele yangu, huku akicheka, kwamba zamani panya walikula daftari, siku hizi wanakula kompyuta. Nilicheka naye. Usiku sikulala.

Basi nitasema mambo matatu. Kwanza, lililotokea. Pili, namna ya kuutafuta ugonjwa wa kompyuta inayoganda pale mlangoni, pale inapodai neno la siri, maana wengi wenu mmenipigia simu kuniuliza hilo. Tatu, kosa langu, kwa kuwa lipo, na sikuja hapa kulificha.

LILILOTOKEA

Mashine yenyewe mnaifahamu. Ni kompyuta mpakato, laptopu kama wasemavyo vijana, tuliyoinunua kwa michango yetu mwaka 2017, inayotumia Windows 10. Ndani yake mlikuwamo orodha ya wanachama. Mlikuwamo hesabu za Mfuko, huu unaowanunulia sare, magodoro na nauli watoto ambao ada wameondolewa lakini umaskini haujawaondokea. Na mlikuwamo sauti. Mtakumbuka kwamba mwaka 2019 tulianza kuwatembelea walimu wetu wazee majumbani na kuwarekodi wakisimulia habari za shule hii. Tuliwarekodi tisa. Wanne kati yao hatunao tena.

Jumapili moja jioni, siku sita kabla ya wakaguzi, niliwasha mashine. Ikaja alama ya kiwanda, ikaja picha, likaja jina la chama na kile kisanduku cha neno la siri. Nikaandika, nikabonyeza Enter. Vile vidoa vidogo vikaanza kuzunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Vikazunguka dakika tano, vikasimama. Mshale wa mausi nao ukasimama.

Nikafanya afanyalo kila mtu: nikashikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikazimika, nikaiwasha upya. Hali ile ile. Nikarudia mara ya tatu na ya nne, kwa hasira, kana kwamba mashine inaogopa hasira. Mjukuu wangu aliyekuwa akisoma pembeni akaniambia, "Babu, hiyo peleka mjini wakapige Windows."

Kesho yake nikaipeleka. Fundi alikuwa kijana mwenye adabu, akanipa kiti, akaitazama mashine kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Akasema, "Mzee, hii tunapiga Windows. Elfu ishirini. Jioni unaichukua kama mpya." Nikamwuliza, "Na vilivyomo?" Akasema, "Una kopi pengine?" Nikasema sina. Akatikisa kichwa. "Basi hivyo vinaondoka, mzee wangu. Ila mashine itapona."

Ndugu zangu, nilikuwa nimekwisha toa noti mbili za elfu kumi mfukoni. Kilichonizuia si elimu ya kompyuta, maana sinayo nyingi. Ni kazi yangu ya zamani.

Mimi nilikuwa fundi simu tangu mwaka 1981. Mteja alipoleta malalamiko kwamba simu yake haisemi, hatukuanza kwa kung'oa nguzo. Waya ulitoka kituoni, ukapita kwenye kabati la mtaani, ukapanda nguzoni, ukaingia nyumbani kwa mteja. Fundi mwenye akili alikwenda kwanza kwenye kabati, katikati ya njia, akasikiliza. Mlio ukiwapo pale, upande wa kituo ni mzima, na ugonjwa uko mbele. Usipokuwapo, ugonjwa uko nyuma. Kwa kusikiliza mara moja umeiondoa nusu ya njia katika mashaka. Kisha unaigawa nusu iliyobaki, na kuigawa tena, mpaka unaukuta waya uliokatika ukiwa na urefu wa mkono. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha jambo hilo hilo katika maabara ile pale: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andika ulichokiona, si ulichotarajia kukiona.

Nikazirudisha noti mfukoni, nikamshukuru yule kijana, nikapanda daladala na mashine yangu kwapani.

KUUTAFUTA UGONJWA

Sasa sikilizeni vizuri. Mkifuata njia hii, wengi wenu hamtahitaji fundi, na wale watakaomhitaji watajua cha kumwambia.

Tujue kwanza ule mlango ni nini. Mpaka kufika pale, mashine imekwisha safiri safari ndefu. Programu ndogo iliyomo katika bodi yake imeamka, imekagua kumbukumbu, imeitafuta diski. Kisha umepakiwa moyo wa Windows, na baada yake madraiva, yaani zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kusemezana na kioo, kibodi, printa na vinginevyo. Hapo ndipo mlango unatokea. Ukiandika neno la siri, safari ya pili inaanza: Windows inafungua chumba chako wewe, inatandika mapendeleo yako, na kuziamsha programu zote zilizoruhusiwa kujiwasha zenyewe. Kwa hiyo mlango ule ni kabati letu la mtaani. Uko katikati ya njia.

Swali la kwanza, basi, ni hili: imeganda kabla hujaandika neno la siri, au baada? Ikiganda kabla, shuku vitu vya safari ya kwanza: madraiva, hasa la kioo, marekebisho mapya ya Windows yaliyoingia juzi, au kitu kilichochomekwa. Ikiganda baada, shuku chumba chako: programu zinazojiwasha, au mapendeleo yaliyoharibika. Diski ni mshukiwa pande zote mbili, maana safari zote hupita kwake. Yangu iliganda baada. Nikaandika.

Swali la pili: imekufa au imelemewa? Kibodi nyingi zina kitaa kwenye kitufe cha Caps Lock. Kibonyeze. Kitaa kikiwaka na kuzimika kwa kila mbonyezo, ndani yuko mtu, na pengine kinachokwama ni kioo tu. Hapo shikilia pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na Shift, kisha bonyeza B. Hiyo huliamsha upya draiva la kioo, na kioo hupepesa kidogo. Kitaa kisipojibu hata baada ya dakika kadhaa, mashine imeganda kweli. Changu hakikuwaka. Nikakaa nahesabu. Nilipofika arobaini hivi, kikawaka. Ndipo nikajua kwamba haikufa. Ilikuwa kama mtu anayekusikia lakini amebeba gunia zito, hana pumzi ya kujibu. Nikaandika.

Swali la tatu: imeshikamana na nini? Chomoa kila kitu: printa, flashi, modemu, mausi ya waya. Zima, ondoa chaja, na betri kama ni ya kutoka. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki umalizike. Kisha rudisha umeme peke yake, uwashe. Msidharau hatua hii. Mmoja wetu aliyenipigia simu aliponea hapo hapo. Flashi yenye kasoro ilikuwa imesahauliwa ubavuni mwa mashine tangu sikukuu. Yangu haikuponea hapo. Nikaandika, nikakata jina la vitu vya nje katika orodha ya washukiwa.

Swali la nne ndilo kubwa: je, inafunguka katika hali salama? Hii ni namna ya kuiwasha Windows ikiwa na vitu vya lazima tu, bila mapambo na bila abiria. Pale mlangoni, kona ya chini kulia, iko alama ya kuzimia. Shikilia kitufe cha Shift, na ukiwa bado umekishikilia, bonyeza alama hiyo na uchague Restart. Kitakuja kioo cha buluu. Fuata maneno Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Settings, kisha Restart. Ikirudi, bonyeza namba 4. Kama mashine inaganda hata kabla ya kukuruhusu hayo, iwashe, na mara uonapo Windows inaanza, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izimike. Rudia. Safari ya tatu kwa kawaida huleta kioo cha matengenezo yenyewe.

Hapa pana onyo. Kompyuta nyingi za siku hizi hufungwa diski kwa kufuli liitwalo BitLocker, na mwenyewe huenda hana habari. Ukiingia njia hii ya matengenezo, inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Aghalabu ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Nendeni mkautafute leo mkiwa na afya, mkaunakili kwenye karatasi. Siku ya maradhi si siku ya kutafuta kadi ya hospitali.

Na msidhani haya ni mambo ya sisi wazee wa mikoani tu. Ijumaa tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, inayouza programu ya kuzilinda kompyuta, ilitoa marekebisho yenye kasoro, na mashine za Windows ambazo Microsoft ilizikadiria kufika milioni 8.5 zikashindwa kuwaka. Ndege zilibaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Dawa iliyotangazwa haikuwa kufuta kila kitu na kupiga Windows upya. Ilikuwa kuingia katika hali salama na kuondoa faili lenye kasoro. Na waliosumbuka zaidi ni wale ambao mashine zao zilikuwa na lile kufuli la BitLocker, ikabidi kwanza zitafutwe tarakimu 48 za kila mashine.

Sasa, mashine ikifunguka vizuri na upesi katika hali salama, furahi. Maana yake diski na kumbukumbu kwa sehemu kubwa ni nzima, na mgonjwa ni kitu kilichoongezwa. Jiulize nini kimeingia majuzi. Kama ni programu, iondoe. Kama ni draiva, lirudishe la zamani. Kama ni marekebisho ya Windows, kile kioo cha buluu kina mahali pa kuyaondoa ya mwisho. Punguza programu zinazojiwasha. Tazama kama diski imejaa pomoni, kwani Windows isiyo na nafasi ya kupumua huganda. Kama hapo awali uliwasha huduma ya kurejesha mfumo nyuma, unaweza kuirudisha Windows katika hali ya tarehe ya nyuma, na nyaraka na picha zako hazitaguswa. Yote yakishindikana, fungua jina jipya la mtumiaji; likiingia bila matatizo, basi kilichoharibika ni chumba chako cha zamani, si nyumba.

Ikiganda hata katika hali salama, au ikifunguka kwa kujikokota, acha kuishuku Windows. Shuku vyuma: joto, kumbukumbu, diski. Joto ni rahisi kulijua, maana feni hulia na sehemu ya chini huchoma mapaja. Ninyi mnaozilaza kompyuta juu ya godoro, mnaziziba pua.

Yangu ilichukua dakika 25 kufunguka katika hali salama. Lakini ilifunguka. Niliyaona mafaili yote yamejipanga. Nikabonyeza folda ya sauti, ikaganda tena. Nikainamisha sikio karibu na kibodi, upande ilipo diski, kwani mashine ya umri ule ina diski ya kuzunguka. Nikasikia: tik, kimya, tik, kimya, tik. Na kitaa cha diski kilikuwa kimewaka moja kwa moja bila kupepesa. Waya uliokatika nimeuona. Diski ilikuwa inakufa.

Hapo, ndugu zangu, ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na ndipo watu wema huua. Ukisoma maelekezo ya kompyuta utakuta yanakuambia uendeshe programu ya kukagua na kukarabati diski. Kwa diski nzima iliyochanganyikiwa kidogo ni shauri jema. Kwa diski inayokufa ni kama kumkimbiza uwanjani mgonjwa aliyevunjika mguu ili uone anachechemea wapi. Ukarabati huisomesha diski yote kutoka mwanzo hadi mwisho, na pumzi ilizobakiza huziishia humo. Kanuni ni hii: ukiishuku diski, nakili kwanza, tibu baadaye. Nikaizima. Sikuiwasha tena siku ile, ingawa mikono iliniwasha.

Jumanne jioni alikuja mwanachama wetu kijana, aliyemaliza hapa mwaka 2014. Alileta diski ya nje, na flashi yenye mfumo uitwao Ubuntu, ambao hupatikana bure. Mashine ikiwashwa kutoka kwenye flashi, Windows hubaki imelala, wala hapadaiwi neno lake la siri. Diski isipokuwa na lile kufuli la BitLocker, na yetu haikuwa nalo, unaingia kupitia dirishani na kuvitoa vyombo. Wenye siri nzito katika kompyuta zenu, lizingatieni hilo pia.

Kijana alipokuwa tayari akaniuliza, "Mzee, tuanze na lipi? Hii inaweza kukata pumzi wakati wowote."

Mwenyekiti, swali hilo halikuwa la kompyuta. Zilikuwapo folda mbele yangu, hesabu na sauti. Hesabu zilikuwa jina langu. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumamosi, na mnajua yaliyokuwa yakisemwa. Folda ya hesabu ilikuwa ndogo pia. Kwa diski nzima ni kazi ya dakika. Lakini kwa diski ile hakuna aliyejua faili lipi ndilo litakaloikwamisha kabisa. Nikajiuliza: kati ya hivi, kipi kinaweza kuandikwa upya? Hesabu zina risiti, zina taarifa ya benki, zina ujumbe wa M-Pesa katika simu zenu. Mwalimu aliyekufa hana risiti. Nikamwambia kijana, "Anza na sauti."

Ilituchukua mpaka saa tisa ya usiku. Faili moja lilikwenda upesi, jingine lilikaa nusu saa, na ile tik ikiendelea. Sauti nane zimetoka nzima. Ya tisa, ya mwalimu wetu wa useremala, inakatika dakika ya 23, katikati ya sentensi, alipokuwa anaanza kutaja majina ya wanafunzi waliojenga madawati ya kwanza ya bwalo hili. Majina mawili yanasikika. Mengine hayamo.

Kisha tukaingia kwenye hesabu. Zile za mwaka 2018 mpaka 2022 zilitoka. Faili la 2023 na 2024 halikusomeka. Tulijaribu mara tatu, na mara ya nne diski yenyewe haikuonekana tena. Orodha ya wanachama tuliipata ile ya mwaka 2022, na nyongeza zake Katibu alikuwa nazo daftarini.

Ndiyo sababu niliomba majuma matatu. Niliandika upya miezi 24 kwa mkono, kutoka kwenye vishina vya risiti, taarifa ya benki na simu zenu. Wengi mlinisaidia, mkanisomea ujumbe wa malipo mmoja mmoja. Yule bwana wa panya alikuja nyumbani na kitabu chake cha risiti, akaketi nami siku mbili. Imebaki tofauti ya shilingi 64,000 ambazo risiti yake sikuiona. Imeandikwa hivyo hivyo katika ukurasa wa nne, haikupakwa rangi, na fedha hizo nimezilipa.

Mnaweza kuuliza mashine iliishia wapi. Tulinunua diski mpya, ya aina isiyozunguka, nikairudisha kwa yule kijana wa dukani, nikamwambia, "Sasa piga Windows." Akapiga, jioni ikawa kama mpya, kama alivyoniahidi. Hakuwa na kosa. Dawa yake ilikuwa sahihi. Saa yake tu ndiyo ilikuwa haijafika.

KOSA LANGU

Nimefika sehemu ya tatu, na hii ni fupi.

Diski hufa. Haikufa kwa dhambi. Ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka saba, na umeme wetu mnaujua. Kosa halikuwa la diski. Kosa ni kwamba mali ya watu wote iliwekwa mahali pamoja, na neno la siri likawekwa katika kichwa kimoja, kichwa changu. Katibu aliniomba nakala mwaka 2021. Nilimwambia nitampa. Sikumpa. Nilijisemea kwamba kadiri wanavyokuwa wachache wanaoweza kuufungua mlango, ndivyo mali inavyokuwa salama. Nilichanganya kuficha na kutunza. Kama ningepatwa na ajali njiani, mashine nzima kabisa ingebaki imefungwa mbele yenu, na ninyi mngesimama mlangoni kama mimi nilivyosimama jioni ile.

Na kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nilishukiwa peke yangu. Sikulaumu aliyenishuku. Mtu asiyeonyesha daftari asikasirike akiulizwa habari za panya.

Kwa hiyo Kamati imekubali utaratibu huu, na naomba uingie katika kumbukumbu za mkutano. Vitu vya chama vitakuwa katika nakala tatu, zikiwa katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikae mbali na nyingine. Ya kwanza iko ndani ya mashine. Ya pili iko katika diski ya nje kwa Katibu. Ya tatu iko katika akiba ya mtandaoni, chini ya jina la chama, si jina la mtu. Neno la siri, pamoja na ufunguo wa BitLocker wa mashine yoyote tutakayonunua, vitaandikwa katika karatasi, vitatiwa katika bahasha, bahasha itatiwa sahihi na watu wawili, na Mwenyekiti ataifungia. Na kila muhula, mtu ambaye si Mweka Hazina atafungua nakala moja na kusoma faili moja mpaka mwisho. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu, si nakala.

Niseme pia kwamba Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yetu, kwa umri wake, haina sifa za kupokea Windows 11. Tangu siku hiyo sijaiunganisha na mtandao, na Kamati italeta pendekezo. Wenye mashine za umri huo nyumbani, lijadilini nanyi.

Neno la mwisho ni kwenu, wanafunzi mlioko nyuma. Ninyi mtazijua mashine hizi kuliko sisi. Siku moja mzee atakuletea kompyuta iliyoganda mlangoni, naye atakuwa na haraka, atakuambia fanya lolote. Kabla hujagusa kitufe, mwulize swali moja: "Mzee, humu ndani mna kitu ambacho hakipo pengine popote?" Kisha nyamaza, mpe muda akumbuke.

Baada ya chakula cha mchana, pale karibu na jukwaa, nitazifungulia zile sauti nane na robo tatu. Mwalimu wa useremala ataanza. Wale mliotengeneza madawati ya kwanza, kama mpo hapa, au mnawakumbuka waliotengeneza, njooni na kalamu. Tuna majina mawili. Tunayatafuta mengine.